Kupaua Mara Mbili: Tuliyojifunza Kuhusu Bati na Theluji Huku Maine

Nimekulia Njombe, katika nyumba ya tofali za kuchoma iliyopauliwa kwa bati, na mpaka leo mvua ikianza huwa naitafuta ile sauti inayowanyamazisha watu sebuleni mpaka wingu lipite. Mimi na mume wangu tuliponunua nyumba nje kidogo ya mji wa Lewiston, katika jimbo la Maine, mwezi wa Agosti 2017, tulikuta ni nyumba ya mbao iliyojengwa miaka ya 1950, yenye paa la vigae vya lami vilivyokwisha kuchakaa na kujikunja pembeni. Siku ile ile nilisema kwamba fedha ikipatikana tutaweka bati, kwa kuwa bati nalijua. Imani hiyo ilitugharimu zaidi ya dola 13,000 ambazo hazikurudi. Ninaandika kwa sababu familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, za Kongo, Burundi, Kenya na kwetu Tanzania, zinanunua nyumba kuukuu katika miji hii ya baridi, na kila inapofika Oktoba simu yangu haikosi mtu anayeniuliza habari ya bati.

Baridi yetu ya kwanza katika nyumba ile ilikuwa kali mno. Juma la mwisho la 2017 lilikuwa na usiku ambao kipimajoto hakikupanda kufikia nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri, na tarehe 4 Januari 2018 ikaja tufani ya theluji iliyofunga shule na barabara. Baada ya tufani, mikuki ya barafu ilining'inia pembezoni mwa paa letu, mingine ikiwa na urefu wa mtoto wa miaka mitano. Niliipiga picha na kumtumia mama yangu Njombe, naye akaniambia nyumba yetu imevaa shanga. Siku nne baadaye maji yalianza kutiririka ukutani kwenye chumba cha watoto, ilhali nje kulikuwa na baridi ya kugandisha kila kitu. Sikuelewa maji yanatoka wapi wakati hakuna tone la mvua.

Sasa ninaelewa, na jambo hili ndilo ambalo ningetaka msomaji alishike kabla ya kuulizia bei ya bati lolote. Joto la ndani ya nyumba hupenya kwenye dari, likapasha moto mbao za paa kwa upande wa chini, na theluji iliyolala juu yake ikayeyuka taratibu kutoka chini. Maji hayo huteremka chini ya blanketi la theluji mpaka kwenye ukingo wa paa uliotokeza nje ya ukuta, mahali ambapo hakuna joto la nyumba, na hapo yakaganda. Kidogo kidogo hujengeka tuta la barafu, maji yanayofuata yakazuiliwa nyuma yake kama yaliyofungwa na boma, kisha yakapanda kinyumenyume chini ya vigae na kuingia ndani. Mikuki ile niliyoipiga picha kwa furaha ilikuwa ishara ya ugonjwa wa nyumba, na ugonjwa wenyewe ulikuwa darini, chini ya paa.

Hakuna aliyetueleza hivyo wakati ule, nasi hatukuuliza. Tuliona paa linavuja, tukahitimisha kwamba paa ni bovu. Nilimpigia simu kaka yangu, ambaye ni fundi wa kupaua nyumbani, naye akaniambia: "Dada, wekeni bati, theluji itateleza yenyewe mtapumzika." Alisema kweli kuhusu kuteleza. Julai 2018 tulimpata fundi aliyetupa bei ya dola 11,800, wakati wengine wawili walitaka karibu mara mbili yake. Bati lake lilikuwa la geji 29, yaani unene usiofika nusu milimita, na kwa kuwa geji ikiwa ndogo bati huwa nene zaidi, mimi niliyezoea kusikia geji 30 na geji 32 katika maduka ya vifaa vya ujenzi nikaona tumepata bati nene. Alipanga kulipiga kwa skrubu zenye washa, yaani vipete vya mpira, juu ya papi, zile mbao nyembamba za kushikia bati, zilizopigiliwa moja kwa moja kwenye vigae vya zamani, ili kuokoa gharama ya kuving'oa. Alitaka nusu ya fedha kabla ya kuanza, tukampa. Mkataba wenyewe ulikuwa karatasi moja yenye bei na rangi ya bati.

Nitangulie kusema kuhusu mkataba, maana hapo tungeweza kujilinda bila kujua chochote kuhusu paa. Sheria ya Maine inataka kazi ya ujenzi wa nyumba inayozidi dola 3,000 iwe na mkataba wa maandishi, na malipo ya mwanzo yasizidi theluthi moja ya bei yote. Mabadiliko ya kazi na ya bei nayo yanatakiwa yaandikwe. Fundi anayedai nusu ya fedha mkononi anakwenda kinyume cha sheria hiyo, na mteja ana haki ya kukataa. Majimbo mengine yana taratibu zao, kwa hiyo anayeishi Minnesota au New York aulize za kwake kabla ya kutoa hundi. Kwa upande wa maudhui, siku hizi nikiombwa kusoma mkataba wa mtu natafuta mambo yaliyokosekana kwenye wetu: geji ya bati, aina ya madini yaliyolifunika na aina ya rangi, utando unaowekwa chini yake, jinsi mabomba yanayotokeza juu ya paa yatakavyozibwa, vizuizi vya theluji, na nani atabeba mabaki.

Tulikaa chini ya bati lile kwa furaha mpaka Februari 2019. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, jua limetoka baada ya siku nyingi za mawingu na joto limepanda nyuzi chache juu ya sifuri. Binti yetu, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa ametoka kwa mlango wa jikoni kwenda kuchukua sleji yake, akarudi ndani kwa sababu alisahau glavu. Alikuwa bado anaivaa ya pili nilipoisikia sauti kama ya lori linalomwaga kokoto, dirisha la jikoni likawa giza, na nyumba ikatikisika. Theluji yote ya upande ule ilikuwa imeshuka kwa mkupuo mmoja. Ngazi za mlangoni zilifukiwa kabisa, gata ilikuwa imening'inia kwa upande mmoja, na mashine ya nje ya pampu ya joto, ile inayopasha nyumba, ilikuwa imepinda ubavu. Nilikaa sakafuni nimemshika mtoto kwa muda mrefu, naye akiniuliza kama anaweza sasa kwenda kucheza.

Baadaye, kwa kuwa sikuweza kulala, nilipiga hesabu. Upande mmoja wa paa letu una karibu mita 60 za mraba. Theluji iliyokwisha kushikana, yenye kina cha sentimita 25 na uzito wa kilo 200 kwa kila mita ya ujazo, inafika tani tatu, na zote zilipita juu ya mlango ambao tunautumia kila siku. Vigae vya lami vina mchanga juu yake, hivyo huishika theluji. Bati lililopakwa rangi ni laini, na theluji hukaa juu yake mpaka utando mwembamba wa maji ukatokea kati yao, kisha huondoka bila kuaga. Watu huku hulisifu bati kwa sababu hiyo hiyo, na sifa hiyo ni ya kweli kwa zizi la ng'ombe lililoko katikati ya shamba. Kwa nyumba yenye watoto, milango, mita ya gesi na magari, kabla ya kuchagua bati mtu anapaswa kuizunguka nyumba yake na kujiuliza, kila upande, tani tatu zitaangukia nini.

Bomba la hewa la maji taka, lililotokeza chini karibu na ukingo wa paa, nalo lilikuwa limekatwa na theluji ile, na tuligundua wiki moja baadaye dari ya bafuni ilipoanza kuvimba. Matengenezo ya dari, bomba na gata yalitutoa dola 1,350. Nilijifunza kwamba fundi mzuri hulihamisha bomba la namna hiyo karibu na kilele cha paa, ambako theluji inayosukuma kutoka juu ni kidogo, au huliwekea upande wa juu yake kigawa theluji, yaani kipande cha chuma kinachoipasua theluji ipite pembeni.

Makosa yetu hayakuishia hapo. Novemba 2019 tulinunua vizuizi vya theluji vya plastiki, vile vidogo vinavyobandikwa kwa gundi, na mume wangu akavipanga juu ya mlango tu. Gundi ile huhitaji hali ya joto na siku kadhaa za ukavu ili ishike, mambo ambayo Novemba ya Maine haina. Januari vilikuja chini pamoja na theluji. Hata kama vingeshika, kuvipanga juu ya mlango peke yake kulikuwa kosa, kwa sababu theluji ya paa zima hushikamana kama bamba moja na uzito wake wote huishia kwenye vizuizi vichache. Vinatakiwa viende kwa safu kamili kutoka mwisho mmoja wa paa hadi mwingine.

Kisha skrubu zikaanza. Chuma hutanuka na kunywea kwa joto na baridi, na huku tofauti kati ya bati lililopigwa na jua la Julai na bati la usiku wa Januari hufika nyuzi 70 au zaidi. Kwa bati la urefu wa mita 6, huko ni kusogea kwa milimita 5 hivi kila mwaka, kwenda na kurudi, huku skrubu imelishikilia palepale. Matundu huwa mapana, skrubu hulegea, na mpira wa washa hukauka na kupasuka. Kwa kawaida mtu hutarajia miaka mingi kabla ya hali hiyo kumsumbua, lakini fundi wetu alizikaza nyingine mpaka mpira ukabinuka na nyingine alizipiga zikakosa papi. Kaka yangu alipoona picha alishangaa: "Mbona wamepiga bondeni, dada? Sisi tunapiga mgongoni, maji yasikute tundu." Huku skrubu za aina ile hupigwa kwenye sehemu tambarare ili washa ikandamizwe vizuri juu ya mbao, na utaratibu huo una mantiki yake, ila unategemea kila skrubu kati ya zaidi ya elfu moja iwe imekazwa sawasawa. Machi 2021 tulikuwa na beseni mbili darini.

Aliyetufungua macho ni jirani yetu, mzee seremala aliyestaafu, mmoja wa wale ambao mababu zao walitoka Quebec kuja kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya Lewiston. Hakuzungumza lolote kuhusu bati. Aliniomba tochi na ngazi, tukapanda darini, akamulika upande wa chini wa mbao za paa. Ncha za misumari zilizotokeza, mamia kwa mamia, kila moja ilikuwa imevaa kofia ya barafu nyeupe, kama punje kubwa za chumvi ya mawe. Mvuke wa kuoga, wa kupika na wa kupumua kwetu ulikuwa unapanda pale, unakuta chuma baridi na kuganda. Siku ya joto ulikuwa unayeyuka na kudondoka. Sehemu ya maji niliyodhani yameletwa na skrubu ilikuwa maji yetu wenyewe. Kisha akanionyesha bomba la feni ya bafuni: lilikuwa limeishia darini, halikutoka nje. Sufi ya zamani ya kukinga baridi ilikuwa imelala chini hata mbao za dari zikaonekana juu yake, na pembezoni ilikuwa imeziba njia ya hewa inayoingilia chini ya ukingo wa paa.

Alinifundisha jambo moja zaidi, ambalo halina gharama na ambalo mtu anaweza kulifanya hata kabla ya kununua nyumba. Asubuhi baada ya theluji, nenda barabarani utazame mapaa. Lile ambalo limebaki jeupe sawasawa kutoka juu hadi chini ni la nyumba inayotunza joto lake. Lile lenye mabaka meusi limetoboka darini, na mabaka hayo yanakuonyesha pa kuziba. Ukitazama mapaa ya mtaa mzima kwa muda mfupi tu, utayaona mengi ambayo muuzaji wa nyumba hatakuambia.

Kwa hiyo vuli ya 2021 tulianza na kazi ambayo tungepaswa kuanza nayo 2018. Mafundi waliziba kwanza kila upenyo wa dari: kuzunguka taa, mabomba, dohani na mlango wa kupandia. Walitoa bomba la feni nje, wakaweka mifereji ya kupitishia hewa kutoka ukingoni hadi kwenye kilele, ndipo wakapuliza selulosi, ambayo ni karatasi zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, mpaka ikafika kimo cha goti langu. Utaratibu huo ni wa lazima, kwa maana sufi hupunguza kasi ya joto lakini haizuii hewa yenye mvuke kupita katikati yake. Ankara ilikuwa dola 6,900, na sehemu yake ilirudishwa na Efficiency Maine, taasisi ya jimbo inayosaidia wenye nyumba katika kazi kama hizo. Viwango na masharti yao hubadilika, basi wapigie kabla kazi haijaanza.

Baridi iliyofuata, paa lile lile baya halikutoa mkuki hata mmoja wa barafu. Nililitazama kwa uchungu, nikifikiria dola zile 11,800. Laiti tungeshughulikia dari kwanza, pengine vigae vya kawaida vingetutosha kwa miaka mingi, na ninamwambia hivyo kila anayeniuliza: nyumba iliyozibwa vizuri darini inaweza kuishi salama chini ya vigae vya lami hata huku, na bati linakuwa suala la muda mtu anaotaka kukaa, fedha alizonazo na umbo la paa lake.

Sisi tulilazimika kupaua upya kwa sababu mbao zilikwisha kuoza chini ya skrubu, na safari hii tulichagua bati la mshono uliosimama. Vipande vyake huunganishwa kwa kukunjana kwenye mshono ulioinuka sentimita kadhaa, na vishikizo vyake vimefichwa ndani ya mshono, kwa hiyo hakuna tundu juu ya paa na bati lina nafasi ya kutanuka. Fundi alikuja na mashine yake, akalikunja bati uwanjani kutoka kwenye roli, kila kipande kikiwa kizima kutoka kilele hadi ukingo. Tulichukua geji 24, ya unene wa milimita 0.6 hivi, iliyofunikwa kwa mchanganyiko wa alumini asilimia 55 na zinki, pamoja na silikoni kidogo. Kwa anayeishi karibu na bahari, kama Portland, ningemshauri aulizie bati la alumini tupu, kwa kuwa chumvi ya hewani hula chuma na dhamana nyingi za bati la chuma hazihesabiki karibu na ufuko. Katika rangi nako tulilipia zaidi ili tupate ile inayoitwa PVDF, ambayo hushinda rangi za bei nafuu kwa kutopauka juani.

Vigae vya zamani na papi viling'olewa vyote, mbao zilizooza zikabadilishwa, kisha ukawekwa utando wa kunata. Kanuni za ujenzi katika maeneo ya barafu zinautaka uanzie ukingoni mwa paa na kupanda hadi angalau sentimita 60 ndani ya mstari wa ukuta wa nje. Chini ya bati uwe wa aina inayostahimili joto kali, vinginevyo gundi yake huyeyuka wakati wa kiangazi. Nilisimama chini siku nzima nikiangalia kitu kimoja ambacho kaka yangu alinionya na ambacho ni kweli kote duniani: bati lisikatwe kwa grainda. Cheche huunguza kinga ya madini kwenye mkato, na chembe za chuma zinazorukia juu ya rangi huota kutu. Fundi huyu alitumia mikasi ya bati tangu mwanzo hadi mwisho.

Juu ya upande wa mlango tuliweka safu mbili kamili za fito za kuzuia theluji, zilizobanwa kwenye mishono bila kutoboa popote. Kabla ya hapo tulimwomba mtu apime kenchi, kwa sababu theluji inayozuiwa isianguke inabaki juu kama mzigo. Upande wa nyuma, unaotazama bustani, tuliuacha theluji iteleze itakavyo. Gharama yote, pamoja na fito, ilikuwa dola 27,400, nasi tulikopa sehemu yake na bado tunalipa. Kasoro ipo: jua la jioni likipiga kwa mshazari, bati linaonyesha mawimbi mepesi, jambo la kawaida kwa mabati yenye sehemu pana tambarare, na mtu asiyelipenda aagize yenye mikunjo midogo katikati. Mvua nayo haina sauti ile niliyoizoea, kwa kuwa bati limelala juu ya mbao na utando, na chini yake kuna selulosi ya kimo cha goti.

Kila Januari, usiku wenye baridi kuliko mwingine, mimi hupanda darini na tochi. Mwaka huu binti yangu, ambaye sasa ananizidi kimo, alipanda pamoja nami akashika taa, nami nikapitisha kidole kwenye ncha za misumari, safu baada ya safu, mpaka kwenye kona iliyo juu ya mlango wa jikoni. Zote zilikuwa kavu.